Baiskeli ya Mzigo na Kilomita Tisini: Mbinu kwa Mkimbiaji wa Ihanja

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu wa Singida, aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Alimaliza marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Siku sita baadaye Kigali ikafungua mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika. Mambo hayo mawili, miguu na baiskeli, hapa Ihanja tunayo yote tangu utotoni. Tunachokosa ni mpango wa kuyaunganisha, hasa kwa mtu aliyekwisha kuizoea marathoni na sasa anataka kwenda mbali zaidi.

Ultramarathoni ni mbio yoyote inayozidi kilomita 42.195. Comrades ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1921, hukimbiwa kati ya Durban na Pietermaritzburg kwa karibu kilomita 90, na muda wa mwisho wa kumaliza ni saa 12. Jirani zetu Kenya wana For Rangers Ultra, kilomita 230 kwa siku tano katika hifadhi za wanyamapori za Laikipia. Kiingilio, nauli na malazi ya mbio kama hizo ni fedha nyingi kwa mkulima wa alizeti, kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ultramarathoni yako ya kwanza ikimbie nyumbani. Kilomita 50, pamoja na wenzako wawili watatu, kwenye njia mliyoipima wenyewe, na ndugu akiwa amekaa mahali panapojulikana na maji na viazi. Ukishaimaliza salama ndipo uanze kutafuta mdhamini.

Sasa baiskeli inaingiaje?

Kila mguu unapotua wakati wa kukimbia, unapokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anapiga ardhi kwa nguvu ya kilo 120 hadi 180, na kwa mwendo wa dakika sita kwa kilomita atapiga hatua kama 1,000 kila kilomita. Kwa kilomita 90 hizo ni hatua 90,000. Moyo na mapafu huzoea kazi haraka, ndani ya wiki chache tu. Mifupa, kano na gegedu huchukua miezi. Hapo ndipo wakimbiaji wengi wenye pumzi nzuri wanapoumia: pumzi inawaambia waongeze, na muundi unavunjika ufa. Juu ya baiskeli mwili umebebwa na siti, hakuna kutua, na unaweza kuufanyisha moyo kazi ya saa tatu bila kuipiga mifupa hata mara moja. Kwa mbio ambazo utakuwa barabarani saa sita, nane au kumi, saa hizo za moyo ni mali kubwa.

Lakini baiskeli haimalizi kazi, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wakilipuuza. Misuli ya paja juu ya baiskeli hufanya kazi ya kusukuma tu, yaani kujikunja huku ikifupika. Katika kukimbia, hasa kwenye mteremko, misuli hiyohiyo hufanya kazi huku ikirefushwa, ikizuia mwili usianguke mbele. Kazi hiyo ya breki ndiyo inayochana nyuzi za misuli na kukufanya ushuke ngazi kinyumenyume siku mbili baada ya mbio. Hakuna kiasi cha kuendesha baiskeli kitakachokuandaa kwa hilo. Tena, tafiti za waendesha baiskeli wa mashindano zimeonyesha mara nyingi kwamba mifupa yao ya uti wa mgongo ni myepesi kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa haipati ule mshtuko mdogomdogo unaoiimarisha. Kwa hiyo gawanya hivi: baiskeli ichukue mazoezi ya katikati ya wiki, zile kilomita za kujaza tu ambazo hukimbii haraka wala hukimbii mbali. Mbio ndefu na mbio za mteremko zibaki kwa miguu.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya mazoezi vya Ulaya haviligusi. Mkimbiaji wa kule hununua baiskeli ili afanye mazoezi. Wewe baiskeli unayo tayari, na inafanya kazi. Asubuhi inaleta maji, mchana inapeleka gunia sokoni au mahindi mashineni, jioni inakwenda Puma au Iseke kwa shughuli za familia. Madumu matatu ya lita 20 ni kilo 60 juu ya keria. Mtu anafanya safari mbili za namna hiyo, kisha anavaa raba na kwenda kukimbia kilomita 15 kana kwamba siku ndiyo kwanza imeanza. Baada ya wiki tatu amechoka, halali vizuri, kasi yake inashuka, na anadhani tatizo ni uvivu, basi anaongeza mazoezi. Kumbe alishafanya mazoezi kabla ya saa tatu asubuhi, ila hakuyahesabu.

Yahesabu. Chukua daftari la kawaida. Kila kazi ya mwili, iwe kukimbia, baiskeli, kubeba maji au palizi, iandikie dakika zake na uzito wake kuanzia 1 hadi 10, pale 1 ni kutembea polepole na 10 ni kufa na kupona. Zidisha. Kukimbia dakika 60 kwa uzito wa 5 ni pointi 300. Maji dakika 80 kwa uzito wa 4 ni 320. Umeona? Maji yamezidi mbio. Makocha wa michezo mingi duniani hutumia njia hii kwa sababu haihitaji saa ya bei wala kifaa chochote, na inapima kwa kipimo kimoja kazi zisizofanana. Jumlisha kila Jumapili jioni. Jumla ya wiki isipande kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kila wiki ya nne ishushe kwa theluthi moja. Ila pembeni weka safu nyingine ya dakika za kukimbia peke yake, maana mifupa na kano havijui pointi za baiskeli. Wiki ambayo pointi ni nyingi kwa sababu ya kazi, punguza baiskeli ya mazoezi kwanza, usipunguze mbio ndefu.

Na kazi hiyo isikusikitishe. Kusukuma baiskeli yenye mzigo kwenye kilima, mwili umeinama, kigimbi na makalio yakivuta, ni mazoezi halisi ya ultramarathoni, kwa kuwa katika mbio hizo hata mabingwa hutembea kwenye milima mikali. Wengi hawajawahi kufanya mazoezi ya kutembea kwa nguvu. Wewe unayafanya kila siku. Tofauti ni kuyafanya kwa makusudi: mgongo umenyooka, hatua fupi, pumzi ya kawaida, bila kusimama mpaka juu.

Kabla hujaongeza saa za baiskeli, peleka baiskeli kwa fundi. Jambo la kwanza ni siti. Wengi wetu tunaendesha siti ikiwa chini sana, ama kwa sababu baiskeli ni ya familia nzima, ama tunataka miguu ifike chini haraka tukiwa na mzigo. Kwa safari ya dakika kumi haina neno. Kwa saa mbili, goti linasagika mbele. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Kisha ukiendesha kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya unyayo, pale chini ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Goti likiuma mbele, pandisha siti kidogo. Likiuma nyuma, au nyonga zikiyumba huku na huku, ishushe. Ipandishe au ishushe kwa upana wa kidole kimoja tu kila mara, uendeshe siku mbili tatu, ndipo uamue tena. Chora alama kwa rangi ya kucha kwenye nguzo ya siti ili mwingine akiishusha uweze kuirudisha mahali pake.

La pili ni uzito wa mwendo. Baiskeli yetu nyeusi ya gia moja, ile ya magurudumu ya inchi 28, mara nyingi ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Kila mzunguko wa pedeli unaisogeza kama mita 5 na nusu, na ukienda kilomita 20 kwa saa miguu inazunguka mara 61 tu kwa dakika. Mkimbiaji mzuri, kila mguu wake hutua mara 85 hadi 90 kwa dakika. Ukizoea mzunguko mzito wa pole, miguu inakuwa na nguvu lakini inasahau wepesi, na magoti yanabeba zaidi. Mwambie fundi akufungie friwili yenye meno 22. Ataongeza pingili chache za cheni, na mwendo uleule wa kilomita 20 kwa saa utakuwa mizunguko 75. Kwa mzigo mlimani pia utashukuru. Kama fedha haipo kwa sasa, basi kila unaposhuka kwenye baiskeli kimbia vipande sita vya sekunde 20, hatua fupi za harakaharaka, ili miguu ikumbuke kazi yake.

Gurudumu hilo hilo ndilo mita yako. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma baiskeli mpaka alama irudi chini, pima umbali kwa futi kamba. Kwa tairi la inchi 28 utapata kama mita 2.23, yaani mizunguko 448 kwa kilomita. Funga kitambaa kwenye spoki, sukuma ukihesabu, na kwa asubuhi moja utakuwa na njia ya kilomita 5 iliyopimwa vizuri kuliko makadirio ya dereva yeyote wa bodaboda. Pima njia ya kuzunguka inayorudi nyumbani. Kwa mbio ndefu inasaidia kupita nyumbani kila baada ya kilomita 5 au 10, kunywa, kula, kuendelea.

Wiki yenyewe sasa. Nachukulia kwamba tayari unakimbia kilomita 40 kwa wiki bila maumivu. Kama bado, anza na hilo kwa miezi mitatu.

Jumatatu ni baiskeli laini ya dakika 45 hadi 60. Laini maana yake unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Siku hiyo safari za maji zinatosha kabisa, usiongeze kitu. Jumanne kimbia kilomita 10 hadi 12, na katikati weka vipande sita vya dakika tatu kwa kasi, ukipumzika dakika mbili kwa kukimbia polepole kati ya kipande na kipande. Jumatano baiskeli ya saa moja na nusu hadi mbili, bila mzigo. Alhamisi mbio za kilomita 8 hadi 12 zenye mteremko, nitazieleza chini. Ijumaa pumzika, na ninaposema pumzika namaanisha pointi za siku hiyo ziwe karibu na sifuri kadiri nyumba itakavyoruhusu. Jumamosi na Jumapili ndizo siku kubwa: wiki moja mbio ndefu ya kilomita 28 hadi 35 Jumamosi, kisha baiskeli laini ya saa moja Jumapili baada ya ibada ili kulainisha miguu. Wiki inayofuata, zoezi la kuunganisha. Kama siku yako ya ibada ni Jumamosi au Ijumaa, sogeza tu. Kitakachoharibu mpango ni kuziweka siku mbili ngumu za kukimbia bega kwa bega.

Zoezi la kuunganisha ndilo moyo wa mbinu hii. Endesha baiskeli, kisha shuka, funga kamba za raba, kimbia mara moja. Usikae, usianze kuzungumza na jirani. Dakika kumi za mwanzo miguu itakuwa mizito ajabu, nyonga zimekaza kwa kuwa zilikuwa zimekunjwa kwenye siti, na utahisi kama unakimbia mahali pamoja. Punguza kasi, nyanyua kifua, fupisha hatua. Baada ya kama dakika 15 mwili unakaa sawa. Hali hiyo inafanana sana na ile ya kilomita ya 55 au 60 ya mbio: misuli imechoka, akiba ya wanga imepungua, kichwa kinakushawishi usimame. Umeifikia hali hiyo bila kuipiga mifupa kwa kilomita 55.

Anza na saa moja ya baiskeli na dakika 40 za kukimbia. Ongeza kila baada ya wiki mbili mpaka ufike baiskeli saa tatu na kukimbia saa mbili na nusu. Hapo utakuwa umefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, ambapo zaidi ya nusu haikuipiga mifupa. Mtu anayejiandaa kwa kilomita 90 hahitaji kukimbia 70 katika mazoezi. Mbio moja ya 42 hadi 50 wiki tano au nne kabla, pamoja na mazoezi kadhaa ya kuunganisha, inatosha. Kinyume chake, kukimbia kwanza halafu baiskeli, kinafaa kwa lengo jingine: siku ambayo unataka kuongeza muda wa kazi lakini unaona muundi au kisigino kimeanza kulalamika. Kimbia kidogo, malizia kwenye pedeli.

Angalizo kuhusu mapigo ya moyo kwa wale wanaopenda kupima kwa vidole shingoni, sekunde 15 mara nne. Juhudi ileile juu ya baiskeli hutoa mapigo machache kuliko kukimbia, kwa wengi pungufu ya 5 hadi 10 kwa dakika, kwa sababu misuli inayofanya kazi ni michache na uzito umebebwa. Usijilazimishe kufikia namba za kukimbia ukiwa kwenye siti. Utajichosha bure.

Mbio za mteremko. Ihanja hatuna Kilimanjaro, lakini tuna majabali na vilima vyenye mashavu ya changarawe, na mteremko wa mita 200 unatosha. Panda kwa kutembea kwa nguvu, shuka ukikimbia kwa mwendo uliodhibitiwa, mikono imetanuka kidogo, macho yanatazama hatua tatu nne mbele. Mara nne siku ya kwanza. Utaumwa mapaja siku mbili, kisha ajabu itatokea: mara ya pili, kazi ileile haikuumizi tena sana. Misuli hujifunza haraka kustahimili kuvutwa, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Ongeza mpaka mara kumi na mbili. Comrades hubadilishana mwelekeo, mwaka wa kupanda kwenda Pietermaritzburg na mwaka wa kushuka kwenda Durban, na wengi waliokwisha kuikimbia pande zote mbili huogopa zaidi mwaka wa kushuka. Siku za mteremko usiendeshe baiskeli yenye mzigo jioni yake. Kama hakuna namna, sukuma.

Mwanaume mmoja wa milimani ameonyesha jinsi mambo haya mawili yanavyokaa pamoja kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwaka 2024 Kilian Jornet, Mkatalunya, alipita vilele vyote 82 vya milima ya Alps vinavyozidi mita 4,000 kwa siku 19, na kutoka mlima hadi mlima hakupanda gari: alitumia miguu na baiskeli tu. Barabarani baiskeli humpa mtu nafasi ya kula na kupoza mapaja huku akiendelea kusonga.

Kula juu ya baiskeli ni darasa ambalo mkimbiaji wa ultramarathoni hapaswi kulikosa. Tumbo halitikiswi kama wakati wa kukimbia, kwa hiyo hapo ndipo pa kulifundisha kupokea chakula likiwa kazini. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Vyakula vyetu vinatosha. Kiazi kitamu cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi, kama gramu 150, kina wanga wa gramu 30. Kijiko kikubwa cha asali kina gramu 17, na asali ya Singida haihitaji mtu wa kuisifia. Ndizi mbivu ya wastani ni kama gramu 25. Kiazi kimoja na vijiko viwili vya asali vimekufikisha kwenye 60. Uji mwepesi wa uwele wenye sukari na chumvi kidogo, ndani ya chupa, unapita vizuri kwenye baridi ya alfajiri ya Juni na Julai. Jaribu kila chakula kwanza kwenye baiskeli, kisha kwenye zoezi la kuunganisha, kisha kwenye mbio ndefu. Kitu ambacho hakijapita hatua hizo tatu hakiendi mashindanoni, hata akikupa nani.

Kinywaji: kunywa kwa kiu, kwa wengi nusu lita kwa saa asubuhi, zaidi kidogo jua likipanda. Kwa safari inayozidi saa mbili tengeneza lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya kilima. Hatari iko pande zote mbili. Anayekunywa maji matupu mengi mno kwa saa nyingi hupunguza chumvi ya damu, akavimba vidole, akapata kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na hali hiyo huweza kuua. Mizani ya mnunuzi wa alizeti itakusaidia: jipime kabla na baada ya mbio ndefu. Ukiwa umepungua kilo moja hivi, sawa. Umepungua zaidi ya mbili, kunywa zaidi wakati ujao. Umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi.

Na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa, na kuna wanaozimeza kabla ya kuanza ili wasisikie magoti. Tafadhali usifanye hivyo. Katika mbio ndefu, damu inapungua kwenye figo, misuli inavunjika na kumwaga mabaki yake humohumo, na dawa hizo huzidi kuzibana figo. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa baada ya mbio, usisubiri kesho, nenda kituo cha afya.

Upepo wa kiangazi utumie. Singida ina upepo wa kweli, na ndiyo sababu mipango ya umeme wa upepo imekuwa ikiuzunguka mkoa huu kwa miaka. Kwa baiskeli ya gia moja, upepo wa usoni ndio mlima wako: anza safari ukiukabili, urudi nao mgongoni ukiwa umechoka. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mbuga za udongo mweusi hunata kwenye matairi na baiskeli haiendi popote. Miezi hiyo pia ni ya kulima na palizi, na jembe lina pointi nyingi. Anayelenga Comrades, ambayo kwa kawaida hufanyika Juni, ajue mazoezi yake makubwa yataangukia humo, na apange na familia mapema nani atashika zamu ipi shambani. Anayelenga mbio zake za nyumbani achague Agosti au Septemba, mavuno yakiwa ghalani.

Barabara kuu ya Singida kwenda Dodoma ina malori na mabasi ya mwendo mkali. Ukikimbia, kimbia upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja. Ukiendesha, kaa kushoto. Fulana yenye kung'aa ivae hata mchana. Mimi binafsi napendelea barabara za ndani za vumbi kwa mazoezi yote marefu, kwa miguu na kwa baiskeli, na gharama yake ni miiba ya migunga. Beba pampu, kiraka, gundi na msasa kidogo. Alfajiri ya giza usiende peke yako, fisi bado wapo.

Maumivu yanayohama na kuisha ukipata joto yanavumilika. Yanayokufanya uchechemee yanakusimamisha. Uchungu wa mfupani unaokaa sehemu moja ya ukubwa wa shilingi na kukusumbua hata usiku, huo ni wa daktari, na mpaka atakapokuruhusu baiskeli laini ndiyo mazoezi yako pekee, ikiwa nayo haiumizi. Wiki mbili hadi tatu juu ya pedeli hazikupotezei pumzi kama unavyoogopa.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe anza kupunguza. Wiki ya kwanza theluthi mbili ya dakika za kawaida, ya pili nusu, ya mwisho mbio fupi tatu na vipande vichache vya kasi. Baiskeli nayo ipungue kwa kiwango hichohicho, jambo ambalo watu husahau: miguu inapumzishwa kukimbia halafu inabebeshwa magunia. Zungumza na walio nyumbani mapema ili wiki hiyo madumu yashikwe na mwingine. Baada ya mbio, siku tatu ni kutembea tu. Siku ya nne panda baiskeli tupu dakika 30, bila jasho. Urudi kukimbia siku utakayoweza kuchuchumaa na kuinuka mara kumi bila kushika kitu na bila kukunja uso. Kwa wengi ni kati ya siku ya nane na ya kumi na nne, na magunia yasubiri mpaka hapo.